Mfuatano wa ikolojia: jinsi viumbe wanavyopokezana mahali

Mfuatano wa ikolojia ni mabadiliko ya jamii ya viumbe wa mahali pamoja kadiri miaka inavyokwenda. Mimea na wanyama walioanza kukaa hapo wanapungua, wengine wanashika nafasi yao, na hao nao siku moja wanawapisha wengine. Mabadiliko haya hayaendi ovyo. Waliotangulia hugeuza udongo, kivuli na unyevu wa mahali, na mara nyingi kwa kufanya hivyo huwatengenezea makao wale watakaokuja kuwaondoa.

Pwani ya Kenya ipo sehemu ambako jambo hili linaonekana kwa macho. Huko Bamburi, kaskazini ya kisiwa cha Mombasa, kiwanda cha saruji kilianza kuchimba mawe ya matumbawe ya kale katika miaka ya 1950. Machimbo yaliyoachwa nyuma yalikuwa uwanda mweupe usio na udongo, mwamba wake unachoma mchana kutwa, na maji yaliyokuwa chini kidogo tu ya sakafu yana chumvi. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, akaanza kupanda miti humo. Kati ya aina 26 alizojaribu, tatu tu zilistahimili: mnazi, damas (mti wenye asili ya Pembe ya Afrika na Yemeni) na mvinje.

Mvinje ndio uliofanya kazi kubwa. Katika mizizi yake mna vinundu vyenye bakteria wanaonasa naitrojeni kutoka hewani na kuupatia mti, ndiyo maana unaweza kumea mahali ambapo mti mwingine ungekufa njaa. Unavumilia chumvi, na unakua upesi. Baada ya muda mfupi machimbo yakawa na kivuli.

Lakini kivuli si msitu. Majani ya mvinje, membamba kama sindano, yana tanini nyingi (kemikali chungu ya mimea) na hayaozi kwa urahisi. Yalianguka yakalala juu ya mwamba, yakarundikana makavu, na udongo haukupatikana. Kilichokwamua mambo ni jongoo, yule mkubwa mweusi mwenye miguu myekundu anayejulikana na kila mtoto wa Pwani. Ilionekana kwamba yeye huyala majani hayo. Wakaletwa majongoo wengi machimboni, wakawa wanasaga takataka ile tumboni mwao, na kinyesi chao kikashambuliwa na bakteria wakakigeuza mboji. Hapo ndipo mbegu zilizoletwa na upepo na ndege zilipopata pa kushika. Nyasi zikaota, vichaka vikafuata, wadudu na ndege wakaongezeka. Leo mahali hapo panaitwa Haller Park na pana twiga na viboko. Nadhani watu wengi huwatazama twiga hao bila kujua kwamba, kabla yao, jongoo alitangulia.

Kinachoanzia kwenye mwamba mtupu namna hiyo huitwa mfuatano wa msingi. Bamburi mkono wa mtu uliuharakisha. Ukiachiwa maumbile peke yake, kasi yake hutegemea sana mvua. Ukienda hifadhi ya Tsavo Magharibi, Kenya, utaliona zaha la Shetani, yaani mwamba ulioyeyuka wa volkano, lililomwagika karne chache tu zilizopita: sehemu kubwa bado ni mawe meusi, na mimea imejibana kwenye nyufa zilizokusanya vumbi na maji. Upande wa Kongo, kuzunguka volkano ya Nyamulagira ambako mvua ni nyingi, zaha jipya halichukui miaka mingi kabla ya kufunikwa na kuvumwani ya kijivu, kile kiumbe kinachoundwa na kuvu na mwani wanaoishi pamoja. Baadaye huja majani ya jamii ya kangaga, kisha vichaka.

Mfuatano wa pili ndio tunaouona zaidi, kwa kuwa unatokea penye udongo tayari: shamba lililoachwa, msitu ulioungua, mlima ulioporomoka. Hapa kasi ni kubwa. Msimu wa kwanza tu utaona kishona nguo na magugu mengine ya mwaka mmoja, ambayo mbegu zake zilikuwa zimelala ardhini au zimekuja zimenata kwenye nguo na manyoya. Nyasi za kudumu huyasonga magugu hayo. Kisha visiki vinachipua, ndege na popo wanaangusha mbegu za matunda waliyokula kwingine, na vichaka vinafunga. Chini ya vichaka hivyo pana ubaridi, na miche ya miti mikubwa, ile isiyopenda jua kali utotoni, inaanza kunyanyuka. Ndiyo maana shamba lililo jirani na msitu hupona upesi kuliko lililozungukwa na mashamba matupu: wabeba mbegu wapo karibu.

Inanisikitisha kuona vichaka vya hatua hii vikiitwa pori lisilo na kazi na kufyekwa ili “kupanda miti”. Miche ya miti ya msituni ikipandwa juani, wiki chache baada ya picha kupigwa imekauka, na kile kichaka ambacho kingeikinga hakipo tena.

Mwanzoni mwa karne ya 20, mwanabotania wa Marekani Frederic Clements alifundisha kwamba mfuatano huishia kwenye jamii moja iliyotulia, inayoamuliwa na hali ya hewa. Hatua hiyo akaiona kama kilele. Mwenzake Henry Gleason alimpinga: kila aina ya mmea hufika na kuondoka kivyake, kwa bahati na kwa uwezo wake. Wanaikolojia wa leo wameacha fikra ya kilele kimoja kisichobadilika, na ukiitazama Serengeti utaona sababu. Sotoka, ugonjwa hatari wa ng’ombe ulioingia Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19, uliua ng’ombe na nyumbu kwa wingi mno. Chanjo ya ng’ombe ilipoiondoa sotoka katika miaka ya 1960, nyumbu walizaana hadi kuvuka milioni moja. Walikula nyasi ambazo zamani zingebaki kuwa kuni za moto wa kiangazi. Mioto ikapungua, na miche ya migunga iliyokuwa ikiungua kila mwaka ikapata kukua. Ugonjwa wa mnyama ulikuwa umeamua idadi ya miti.

Wala si kila anayetangulia humwandalia mwenzake. Wengine hufunga njia. Baringo, katika Bonde la Ufa la Kenya, mti wa kigeni uitwao mathenge uliletwa miaka ya 1980 ili kuzuia mmomonyoko na kuwapa watu kuni. Kwa sifa ulistahili kuwa mtangulizi mzuri: unavumilia ukame na, kama mvinje, hupata naitrojeni ya hewani kwa msaada wa bakteria. Badala yake ulijifunga kuwa kichaka cha miiba kisichopenyeka, ukaua nyasi za malisho, na mbuzi waliokula maganda yake wakausambaza kwa kinyesi chao. Penye mathenge uliokomaa, nyasi hazirudi kwa kungoja. Wafugaji hulazimika kuukata, kung’oa visiki na kupanda nyasi upya kwa mkono.