Ustahimilivu wa mgonjwa baada ya upasuaji wa saratani

Katika uuguzi, ustahimilivu ni uwezo wa mgonjwa kuyashika tena maisha yake baada ya ugonjwa na kisu kuyavuruga. Anaweza kuumia, kuogopa, hata kulia, na bado akala, akafuata matibabu na kurudi kwa watu wake. Si sawa na kujikaza. Mgonjwa anayejilalia kimya wodini bila kumsumbua mtu husifiwa kwamba amepiga moyo konde, kumbe huenda amekata tamaa.

Wala si tabia ambayo mtu huzaliwa nayo au huikosa. Kipimo cha ustahimilivu cha Connor na Davidson cha mwaka 2003, chenye vipengele 25 na alama za juu 100, kimeonyesha kwamba alama za mtu hupanda akihudumiwa vizuri.

Chukua mwanamke aliyeondolewa titi. Jambo la kwanza ni dawa za maumivu kwa wakati, maana anayeumwa usiku kucha hana nguvu ya kujifunza chochote. Kisha kuna ule mpira unaotoa majimaji ya kidonda kwenda kwenye chupa. Muuguzi anaweza kuimwaga mwenyewe akaondoka, lakini aliye makini humfundisha mama: nawa mikono, fungua, mimina, soma kipimo, andika. Mara nyingi mpira hutolewa majimaji yakipungua hadi kama mililita 30 kwa saa 24. Mama anayeandika mwenyewe 90, kesho 60, keshokutwa 40, anaona kwa macho yake kwamba anapona. Hakuna maneno ya faraja yanayofikia hapo.

Kulitazama kovu kwa mara ya kwanza kunataka subira. Pazia livutwe, aulizwe kama yuko tayari na nani awe naye, mume au dada, na aelezwe atakachokiona kabla bandeji haijafunguliwa. Akisema bado, ni bado.

Mkono nao hukakamaa, hasa tezi za kwapani zikitolewa. Mazoezi huanza kwa kukunja na kukunjua vidole, baadaye kuchana nywele na kupandisha vidole ukutani. Aambiwe mapema kwamba mkono ukivimba, ukiwa wa moto au mwekundu, arudi hospitali.

Familia isiachwe nje. Wapo wanaotenga vyombo vya mgonjwa wakidhani saratani inaambukiza; haiambukizi, na neno hilo likitoka kwa muuguzi husikilizwa. Tena Tanzania tiba ya mionzi hupatikana vituo vichache, kama Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam na Hospitali ya Bugando jijini Mwanza. Kwa anayetoka mbali, kuuliza atafikia kwa nani na nauli itatoka wapi ni uuguzi kamili, kwa sababu wengine matibabu huyakatizia hapo.

Huzuni ikizidi wiki mbili, halali usingizi, hali chakula, hataki kuonana na watu, muuguzi amwone daktari ili mgonjwa apelekwe kwa wataalamu wa afya ya akili.