Ngome ya Nani? Namna ya Kusoma Kura za Wadi Yako

Kila msimu wa uchaguzi ukikaribia Mombasa, barazani huchorwa ramani ya maneno: Likoni ya huyu, Kisauni ya yule, Mji wa Kale hata usiulize. Ramani hiyo humsahau aliyebaki nyumbani, na hapa kwetu aliyebaki nyumbani ndiye mwingi.

Tuanze na ugavana wa 2022, uliosogezwa kutoka Agosti 9 hadi Agosti 29 kwa sababu ya makosa kwenye karatasi za kura. Abdulswamad Nassir wa ODM alipata kura 119,083, na Hassan Omar wa UDA 98,105. Ukijumlisha kura za hao wawili tu, mshindi ana karibu asilimia 55. Lakini daftari la kaunti lilikuwa na majina 641,913. Ukigawa kwa idadi hiyo, mshindi anabaki na asilimia 18.6 na mpinzani wake 15.3. Zaidi ya watu laki nne hawakutokea, na pengo la wagombea wawili lilikuwa 20,978. Ngome gani hiyo, ikiwa walionyamaza wanazidi kura za wote wawili zikiwekwa pamoja?

Hesabu hiyo unaweza kuifanya kwa kituo chako. Fomu ya matokeo hubandikwa kituoni baada ya kuhesabu: 34A ni ya rais, 35A ya mbunge, 36A ya mwakilishi wadi, 37A ya gavana. Chukua kura halali, ongeza zilizokataliwa, gawa kwa walioandikishwa katika kituo hicho, zidisha kwa 100. Hao ndio waliojitokeza. Karatasi ambayo mpiga kura aliiharibu kwa bahati mbaya, akairudisha na kupewa nyingine, usiihesabu, haikuingia sandukuni.

Kisha pima mwelekeo, na hapa ndipo wengi huteleza. Tuseme kituo kina watu 640. Mwaka mmoja mgombea wa chama A anapata 150, B 90, C 20. Uchaguzi unaofuata A anapata 150 zilezile, B 140, C 20. Kwa kura halali, A ameshuka kutoka asilimia 57.7 hadi 48.4, na mtaani watasema amepoteza wadi. Ukweli ni kwamba hesabu yake haikupungua hata kura moja. Ni upande wa B uliotoa watu 50 zaidi. Kwa daftari lote, A yuko palepale kwenye 23.4. Basi andika safu mbili kila mara: asilimia ya kura halali na asilimia ya daftari. Na linganisha kiti na kiti kilekile, kwani anayempigia rais wa chama fulani si lazima ampe mwakilishi wadi wa chama hicho.

Jihadhari pia na vyumba vya shule moja. Kituo hakizidishi wapiga kura 700, kwa hiyo shule kubwa hugawanywa kwa herufi za majina, wala si kwa mitaa. Kwa kuwa majina hubeba asili ya mtu, chumba kimoja kinaweza kuonekana cha chama fulani kwa sababu ya herufi tu. Jumlisha vyumba vyote vya shule kwanza, ndipo useme neno.

Daftari nalo lina kasoro zake. Aliyehama Likoni akaenda kukaa Bamburi bila kuhamisha kura bado anahesabiwa Likoni, na marehemu ambaye jina lake halijaondolewa anahesabiwa vilevile. Wote huongeza kigawanyo, na wadi yenye wapangaji wengi huonekana vivu kuliko ilivyo. Kwa hiyo tofauti ya asilimia mbili au tatu kati ya wadi mbili isikutie ubishi.

Fomu za rais za 2022 ziliwekwa kwenye tovuti ya tume ya uchaguzi. Ya mwakilishi wadi ipige picha usiku uleule, jumla na sahihi zote zikionekana, kabla upepo wa bahari haujaing'oa mlangoni.