Hesabu samaki kabla hujawazika

Upepo mkali au baridi ya ghafla inaweza kuligeuza ziwa kwa usiku mmoja: maji ya chini, yasiyo na oksijeni, yanapanda juu. Kukipambazuka, vizimba vimejaa samaki waliopinduka, matumbo juu, midomo wazi. Mfugaji huwaza kwanza kuwatoa na kuwafukia upesi, harufu isije ikaenea. Namwelewa kabisa. Ila akizika kabla ya kuhesabu, anaufukia pia ushahidi wa hasara yake.

Nyumba iliyobomoka huacha magofu, na mkaguzi akichelewa wiki bado atayakuta. Samaki huoza. Tena wengi huzama kwanza, kisha huibuka tumbo likishajaa gesi, kwa hiyo hesabu ya asubuhi moja huwa pungufu. Rudia jioni, na kesho yake pia. Wakiwa wengi mno, pima kipande cha ufukwe cha hatua kumi, hesabu waliomo kwa aina na ukubwa, halafu fanya hivyo sehemu nyingine kadhaa. Weka rula kando ya samaki unapopiga picha. Mpigie afisa uvuvi kabla ya kushika jembe.

Oksijeni ipimwe palepale, alfajiri. Mwani huivuta usiku kucha na kuirudisha jua likiwaka, hivyo kipimo cha saa nane mchana kinaweza kuonyesha maji mazima kabisa. Ukishuku sumu, mweke kwenye barafu samaki ambaye bado anahema. Aliyekwisha kuvimba hana mengi ya kuiambia maabara.

Lakini kinachoamua zaidi kama utapata msaada ni daftari lililoandikwa kabla ya janga. Marekani, kwa mfano, sheria ya majanga ya uvuvi hulinganisha mapato ya miezi 12 na wastani wa miaka 5 iliyotangulia. Hasara isiyofika asilimia 35 haistahili msaada. Inayozidi 80 inaweza kutangazwa janga. Iliyo katikati huchunguzwa zaidi. Mvuvi anayeuza kwa fedha taslimu bila kuandika kilo hana wastani wa kuonyesha, hata kama amepoteza kila kitu. Mchuuzi na mkaushaji samaki ndio husahaulika kabisa, kwa kuwa hawana mtumbwi wala wavu wa kukaguliwa. Nao waandike.

Msaada wenyewe unaweza kuumiza. Baada ya tsunami ya 2004 katika Bahari ya Hindi, baadhi ya maeneo yaligawiwa boti nyingi kuliko zilizopotea, nyingine mbovu. Ziwani hatari ni kubwa zaidi, maana samaki waliobaki ndio wazazi wa msimu ujao. Mkiletewa nyavu, pimeni matundu kwanza. Yakiwa madogo kuliko yanayoruhusiwa, zikataeni.

Vifaranga vya samaki navyo visipokelewe kwa pupa. Tia vichache kwenye kizimba kidogo, vikae siku mbili tatu katika maji yaleyale. Vikifa, mzigo usubiri.