Jirani Amekukwaruzia Gari? Andikeni Siku Ile Ile

Ugomvi wa mikwaruzo ya magari unaoletwa kwenye dawati letu la usuluhishi hapa Malindi unafanana: hela ni kidogo, maneno ni mengi. Bampa la Probox limebonyea, kioo cha pembeni kimevunjwa na tuktuk iliyokuwa ikirudi nyuma, au nazi imeangukia kioo cha mbele. Ukimwuliza fundi, atakwambia kazi ni ya siku mbili. Ukiwauliza wenyewe, hawajasalimiana tangu Ramadhani iliyopita.

Siku ya tukio wote wawili walikuwa waungwana. Aliyegonga alisema, "Usijali, tutalitengeneza." Mwenye gari akajibu, "Haina neno, sisi ni majirani." Wakapeana mkono, wakaachana. Hakikutajwa kiasi, haikutajwa siku ya kulipa, wala hawakukubaliana ni sehemu gani hasa iliyoharibika. Wiki tatu baadaye mmoja anasema alidhani ni kupiga rangi kidogo tu, mwenzake anadai hata taa ilipasuka siku hiyo hiyo.

Watu wengi wa huku huona haya kumwandikisha jirani karatasi, kwani inaonekana kama humwamini. Mimi nashikilia kwamba jirani ndiye hasa wa kuandikiana naye. Mtu mliyegongana barabara ya Mombasa huenda usimwone tena maishani. Jirani utakuwa naye msikitini, dukani, arusini na matangani, na kila mkionana lile deni lisilo na kiasi litakuwa limesimama katikati yenu.

Basi tuanze na saa ya kwanza. Kijana wa tuktuk anageuza kwenye uchochoro wa Maweni, kona ya nyuma inakwaruza gari la mzee aliyepakana naye. Mzee yuko ndani. Kijana akiondoka kwa kuwa hakuna aliyemwona, ameshaharibu mambo, maana mitaani kwetu daima kuna aliyeona. Afadhali abishe hodi: "Ami, nimekugusia gari. Njoo tulitazame pamoja kabla sijaondoka." Mzee naye asitoke na matusi. "Haya mwanangu, ngoja nivae viatu." Mkiweza kufika hapo, nusu ya kazi imekwisha.

Litazameni gari pamoja kweli kweli. Pigeni picha magari yote mawili yakiwa bado mahali pake, za mbali zinazoonyesha nambari na uchochoro, kisha za karibu. Kwenye mkwaruzo tafuteni rangi ya chombo kilichogonga. Pimeni urefu kutoka chini. Kuna mvutano mmoja uliokwisha hapa kwetu kwa futikamba tu: mwenye gari alionyesha mikwaruzo miwili, mmoja ukilingana na ukingo wa nyuma wa tuktuk na una rangi yake ya samawati, wa pili uko juu kuliko sehemu yoyote ya tuktuk inayoweza kugusa ubavu wa gari. Hakuna aliyemwita mwenzake mwongo. Yule bwana aliutazama utepe, akakumbuka lango la shemeji yake.

Ikiwa mmegongana barabarani, Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inamtaka dereva asimame na atoe jina lake, anwani yake, jina la mwenye gari na nambari za gari. Asipompa yeyote maelezo hayo, anatakiwa kuripoti polisi haraka iwezekanavyo, na kwa vyovyote isipite saa 24. Hata mkiwa mmeelewana, kama mmoja wenu anafikiria kudai bima, pitieni kituoni mkaandikishe, maana kampuni itataka abstrakti ya polisi, yaani karatasi ya muhtasari wa tukio. Kama kuna aliyeumia, hata kidogo, hilo si jambo la kumalizia uchochoroni.

Bei ya fundi na chumvi ya bahari

Kiasi ndicho kinachogombanisha watu kuliko kosa lenyewe. Wengi huishia kukubali kwamba tuktuk ilirudi nyuma bila kutazama. Halafu mwenye gari analeta bei ya kupiga rangi ubavu mzima, na aliyegonga anajua fundi atakayeziba kile kibonyeo kwa nusu ya nusu yake.

Kila mmoja hapo ana hoja. Gari lililokaa miaka kwenye jua la Malindi rangi yake imepauka, na mlango ukipigwa rangi mpya peke yake utaonekana kama umetoka kwenye gari jingine. Kwa upande mwingine, aliyegonga hadaiwi kukurudishia gari jipya. Anadaiwa kukurudisha ulipokuwa kabla ya kugongwa. Kama chini ya rangi palikuwa na kutu ya zamani, kutu hiyo ni yako. Kama bati lilikuwa zima na likaachwa wazi baada ya kugongwa, hewa ya chumvi italishika upesi, na hapo swali ni nani aliyechelewesha. Ndiyo maana nawaambia watu: hata kama mazungumzo ya malipo hayajaisha, fundi asafishe bati na kupaka praima wiki hiyo hiyo, na risiti iwekwe. Sheria haimruhusu aliyeharibiwa kukaa akitazama hasara ikikua halafu aitwike kwa mwenzake.

Fundi aandike bei kwa vipande: kunyoosha bodi, puti na msasa, praima, rangi, ufundi wake. Bei ya jumla iliyotamkwa kwa mdomo haifai kitu, kwa sababu hamwezi kuibishania sehemu kwa sehemu. Chukueni bei mbili. Zikipishana sana, mtafuteni fundi wa tatu ambaye wote mnamkubali, na mkubaliane kabla hajafungua mdomo kwamba bei yake ndiyo mtakayoishika. Mkikubaliana baada ya kuisikia, atakayeumizwa atasema fundi amehongwa.

Tuktuk nyingi haziendeshwi na wenyewe. Kijana analeta hesabu, yaani pesa za siku, jioni, na tajiri mwenye tuktuk yuko kwake. Dereva aliyezembea anawajibika, na mwenye chombo naye anaweza kuwajibika ikiwa dereva alikuwa kwenye kazi yake. Kwa hiyo mwiteni tajiri mapema. Ahadi ya kijana anayelipwa kwa siku, ambayo tajiri hakuisikia, haidumu hata wiki.

Na ikiwa tuktuk ndiyo iliyogongwa, mwenyewe atataka alipwe siku alizokosa hesabu. Ana haki ya kuomba, ila lazima athibitishe. Mahakama ya Rufani katika kesi ya Hahn dhidi ya Singh, mwaka 1985, ilisisitiza kwamba hasara ya aina hiyo haitoshi kutajwa, inatakiwa kuthibitishwa. Daftari la hesabu za kila siku, au malipo ya M-Pesa kutoka kwa dereva kwenda kwa tajiri, yana nguvu kuliko kiapo. Na siku zinazohesabiwa ni zile ambazo matengenezo yalihitaji kweli, si miezi ambayo tuktuk ilisimamishwa chini ya mwarobaini ili jirani aone haya.

"Bima italipa"

Neno hili linachelewesha suluhu nyingi. Bima ya lazima chini ya Sura ya 405, ile watu wanayoiita thadi pati, inatakiwa na sheria kwa ajili ya kifo na majeraha ya watu. Bati la gari la jirani halimo katika ulazima huo. Mikataba mingi ya thadi pati huongeza kinga ya mali ya mtu mwingine mpaka kiwango fulani, ila hilo linatoka kwenye mkataba wako, kwa hiyo usome kabla hujampa jirani matumaini.

Mwenye bima kamili naye apige hesabu. Kuna kiasi cha mwanzo anachobeba mwenyewe, mara nyingi asilimia ya thamani ya gari pamoja na kima cha chini. Tuseme kima hicho ni shilingi 15,000 na fundi anataka 9,000: hakuna cha kudai, na huenda ukapoteza punguzo la kutodai kwa bure. Lakini ukiona utaihitaji bima, iarifu kampuni kabla hujatia saini ya kukubali kosa. Mikataba mingi inakataza mteja kukiri au kuahidi malipo bila idhini yao, na wanaweza kukataa dai kwa sababu hiyo.

Mnazi wa jirani

Hapa kwetu gari haliharibiwi na gari pekee. Mnazi uko kwa jirani, umeinama, kivuli chake kiko kwako, na ndipo unapoegesha. Usiku wa kusi nazi kavu inashuka kwenye kioo. Jirani anasema ni kazi ya Mungu.

Kusi inavuma kila mwaka. Upepo unaojulikana utakuja si utetezi mzuri kwa mtu aliyeacha nazi zilizokauka juu ya mahali ambapo anajua watu hupita au gari hulala. Swali ni kama alijua, au alipaswa kujua, na kama alichukua hatua ya kawaida ya mtu mwangalifu, ambayo ni kumwita mkwezi aangue nazi na kuondoa makuti makavu. Nawe mwenye gari utaulizwa: uliuona mnazi, ulimwambia jirani, ungeweza kuegesha pengine? Kama uliambiwa "usiweke gari hapo" ukaendelea kuweka, lawama itagawanywa, na malipo yatapungua kwa kiasi cha uzembe wako. Sura ya 26 ya Sheria za Kenya inaruhusu hivyo.

Kwa hiyo mtumie ujumbe wa simu nazi zikiwa bado juu: "Shangazi, salaam. Mnazi wa upande wa gari langu una nazi zimekauka. Naomba zianguliwe wiki hii, mkwezi nitamlipa nusu." Ujumbe wa namna hii una adabu na una tarehe. Usimtume mkwezi wako mwenyewe apande mnazi wa watu. Na kama una bima kamili, tazama kiwango cha kioo cha mbele. Mikataba mingi huwa nacho.

Mtoto mdogo akichora gari kwa msumari, chifu hatamfunga na polisi hawatamshtaki: Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inasema aliye chini ya miaka 12 hawajibiki kijinai. Mzazi pia hawajibiki moja kwa moja kwa kila alichofanya mwanawe. Kinachotazamwa ni uzembe wa mzazi mwenyewe. Hata hivyo wazazi wengi hulipa, na ni vizuri.

Karatasi yenyewe

Haihitaji wakili wala mhuri. Ukurasa wa daftari unatosha:

"Leo tarehe fulani, mimi fulani, mwenye kitambulisho nambari fulani, nakubali kwamba tuktuk niliyokuwa nikiendesha ilibonyeza bampa la nyuma, upande wa kushoto, la gari nambari fulani. Taa haikuvunjika. Gharama tuliyokubaliana ni shilingi 9,000. Nimelipa 3,000 leo, nitalipa 3,000 kila Ijumaa kwa Ijumaa mbili zijazo, kwa M-Pesa. Nikimaliza, hakuna dai jingine kuhusu mgongano huu."

Saini mbili, shahidi mmoja kila upande, nakala mbili. Msisahau ile sentensi ya taa: kilichobaki kizima kiandikwe pia. Na lipeni kwa M-Pesa hata kama nyumba zimepakana, kwa sababu noti haziachi ujumbe.

Mkishindwa wenyewe, mleteni mzee wa mtaa, imamu, au mwenye nyumba mnayempangia. Katiba, kifungu cha 159, inahimiza usuluhishi na njia za jadi, kwa hiyo kwenda kwa wazee si kukimbia sheria. Ila chifu si hakimu. Anaweza kuwakalisha pamoja, hawezi kumlazimisha mtu kulipa. Kumnyang'anya jirani ufunguo wa tuktuk mpaka alipe, au kumtolea upepo magurudumu, ni kosa jipya, na mara nyingine ndilo tunaloanza nalo siku ya usuluhishi, badala ya bampa.

Karatasi ikikiukwa, kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016. Inasikiza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na uharibifu wa mali umo. Si lazima uwe na wakili, unaweza kujieleza kwa Kiswahili, mahakama haifungwi kabisa na kanuni ngumu za ushahidi, na dai linatakiwa kuamuliwa ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa. Ulizia kwenye sajili ya mahakama ya Malindi dai lako litasikizwa wapi. Nenda na karatasi ya makubaliano, picha, bei za fundi, risiti, abstrakti kama ipo, na simu yenyewe iliyopiga picha na kupokea M-Pesa. Dai la uzembe lina miaka 3 tangu siku ya tukio, na kuendelea kuzungumza na jirani hakusimamishi hesabu hiyo.