Kabla ya Kutazama Mtindo, Tambua Kitambaa

Ingia duka lolote la vitambaa Biashara Street uombe kitenge. Muuzaji atakukunjulia viwili vitatu juu ya meza, rangi zinawaka, maua yanafanana, bei zinapishana. Kimoja ni pamba. Kingine ni poliesta iliyochapwa maua yale yale. Wateja wengi huchagua kwa rangi na bei, kisha wakashangaa mbona gauni linawachemsha mchana na kushika harufu ya jasho kabla jua halijatua.

Ninafundisha elimu ya vitambaa chuoni hapa Nairobi, na swali ninaloulizwa sana siku hizi ni hili: nivae nini nipendeze bila kuharibu mazingira? Wengi hutarajia niwatajie kampuni za ng'ambo. Mimi huwarudisha kwenye uzi. Ukijua nguo imefumwa kwa uzi gani, utajua itakukaa vipi mwilini, utaifuaje, na siku ikichakaa itaishia wapi.

Kitambaa kisichokuwa na lebo hutambulika kwa kiberiti. Mwombe muuzaji kipande kidogo cha ukingoni, na anayejiamini hatakunyima. Ukifika nyumbani chomoa nyuzi chache, zishike kwa kibano juu ya sinki au sahani ya udongo, watoto wakiwa mbali, uziwashe. Pamba hushika moto upesi, hunuka kama karatasi iliyoungua, na majivu yake ni laini, ukiyapuliza yanapeperuka. Kitani na viskosi, uzi unaotengenezwa kutokana na miti, hufanya vivyo hivyo, kwa hiyo moto hautakutenganishia hizo tatu. Sufu na hariri huwaka shingo upande, zikanuka nywele zilizoungua, na mara nyingi huzimika zenyewe ukiondoa kiberiti. Poliesta hujikunyata kwanza, kisha huyeyuka na kutoa moshi mweusi, na ikipoa huwa kitone kigumu kisichosagika kwa vidole. Subiri kipoe kabisa kabla ya kukigusa, maana plastiki iliyoyeyuka huganda kwenye ngozi. Kitambaa cha mchanganyiko huacha dalili zote mbili, majivu kidogo na chembe ngumu ndani yake.

Tofauti hiyo ina uzito. Poliesta hutokana na mafuta ya petroli, na ile ya nguo ni plastiki ya aina moja na chupa za soda. Zaidi ya nusu ya nyuzi zote zinazotengenezwa duniani leo ni poliesta. Kila inapofuliwa humwaga vinyuzi vidogo mno, ambavyo vinapita na maji machafu hadi mitoni. Kenya tulipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, tukazoea kwenda sokoni na vikapu. Plastiki ya mwilini hatujaijadili kwa bidii kama ile, na inanisikitisha, kwa sababu hiyo tunaivaa kutwa na kuifua kila wiki.

Pamba nayo ina deni lake. Kadirio linalotumika sana ni kwamba fulana moja ya pamba hugharimu takriban lita 2,700 za maji, kuanzia shambani. Inategemea imelimwa wapi. Hapa Kenya pamba hulimwa zaidi na wakulima wadogo wanaotegemea mvua. Asia ya Kati, mito inayoilisha Bahari ya Aral ilielekezwa kwenye mashamba ya pamba kuanzia miaka ya 1960, na ziwa hilo, lililokuwa miongoni mwa makubwa zaidi duniani, likakauka sehemu kubwa. Viskosi hutokana na miti, lakini kuigeuza miti kuwa uzi mlaini huhitaji kemikali zinazowadhuru wafanyakazi viwandani zisipodhibitiwa. Nguo nyingi zinazouzwa kwa jina la mianzi ni viskosi hiyo hiyo. Ukikuta lebo imeandikwa lyocell, uzi mwingine unaotokana na miti, hiyo ni afadhali, kwa kuwa kiyeyusho kinachotumika hukusanywa karibu chote na kurudishwa kazini.

Hakuna basi kitambaa kinachotoka kiwandani kikiwa hakijadhuru chochote. Gharama ile imeshalipwa na mto, udongo na hewa siku uzi uliposokotwa, na kilichobaki mikononi mwetu ni kuhakikisha nguo inavaliwa mara nyingi iwezekanavyo. Shati la pamba nzito utakalolivaa miaka minane lina faida kwa mazingira kuliko mashati sita ya pamba hai, iliyolimwa bila mbolea wala dawa za kemikali, yatakayolala kabatini.

Hapo ndipo Nairobi tuna bahati ambayo miji mingi haina. Kwenye masoko ya mitumba ya Gikomba na Toi kuna nguo ambazo tayari zimetengenezwa, nyingine kwa vitambaa ambavyo dukani vingekushinda bei. Lakini mitumba si kibali cha kununua ovyo. Robota likifunguliwa, wenye macho makali huchukua kamera, yaani zile bora, na mwishoni hubaki fagia, yaani masalia. Fagia isiyopata mteja huishia jaa la taka la Dandora, au kingoni mwa Mto Nairobi unaopita hapo hapo Gikomba. Ukinunua blauzi tano za fagia kwa sababu ni rahisi, ukazivaa mara mbili mbili, umezichelewesha tu safari yao.

Jifunze kuisoma nguo kwa ndani. Chukua shati, ligeuze. Tazama mshono wa ubavuni: uliofungwa vizuri huficha kingo zote za kitambaa, na katika sentimita moja utahesabu mapigo manne ya sindano au zaidi. Mapigo yakiwa mapana na nyuzi zinaning'inia, litaachia ukilivaa kwenye matatu siku ya kwanza. Kisha liinue kwenye mwanga. Pamba huisha mapema kwapani, viwikoni na kwenye mkunjo wa kola, na mwanga ukipenya hapo kuliko kwingine, liache. Ona kama pindo limeachiwa kitambaa cha kutosha kushushwa. Mwisho tafuta lebo ndogo ya ubavuni inayotaja asilimia za nyuzi. Spandeksi, uzi unaovutika, ya asilimia mbili kwenye jinzi haina neno. Nguo ya nyuzi nne tofauti ni vigumu sana kuchakatwa upya baadaye, kwa kuwa nyuzi hizo hazitenganishwi kwa urahisi.

Sweta zinastahili uangalifu zaidi, hasa baridi ya Julai inapokaribia. Nyingi ni akriliki, ambayo ni plastiki pia, nayo huota vifundo baada ya kufuliwa mara chache. Chambua polepole na utapata ya sufu. Sufu hushika joto hata ikipata unyevu, na haihitaji kufuliwa kila mara, mara nyingi kuianika hewani usiku mmoja kunatosha.

Kwa nguo mpya, alama mbili za uthibitisho zinazowekwa kwenye lebo huchanganywa sana. GOTS inahusu nyuzi hai: nguo lazima iwe na angalau asilimia 70 ya nyuzi hizo, na kuna masharti kuhusu rangi, maji taka na haki za wafanyakazi. OEKO-TEX Standard 100 hupima kama kitambaa kina kemikali zenye madhara kwa mvaaji, na haisemi chochote kuhusu jinsi pamba ilivyolimwa. Neno "rafiki wa mazingira" likiwa limeandikwa peke yake bila alama yoyote ni tangazo la biashara.

Mimi hupendelea njia ya fundi. Tuna viwanda vyetu vinavyofuma pamba, kama Thika Cloth Mills, na Rivatex ya Eldoret ambayo Chuo Kikuu cha Moi kiliichukua mwaka 2007. Muulize muuzaji kitambaa kimetoka wapi. Wateja wakiuliza kila siku, muuzaji ataanza kutafuta kilichofumwa hapa nchini. Kikoi cha pamba hutoa shati zuri sana la kiume, ile mistari ya ukingoni ikiwekwa kwenye kola na mifukoni. Jozi ya leso hutoa gauni la mikono mipana ambalo halihitaji bitana, ila jaribu uzi kwanza, kwa kuwa leso za poliesta zimejaa. Mwambie fundi akuachie nafasi ya sentimita mbili au tatu ndani ya mishono ya ubavuni. Mafundi wengi huikata nafasi hiyo ili nguo ikae vizuri siku ya kwanza, na mwili ukibadilika nguo inakosa mwenyewe. Chagua rangi mbili za msingi zinazopatana na vitenge ulivyo navyo, na utapata mavazi mengi kwa nguo chache.

Fua kwa maji baridi, nguo ikiwa imegeuzwa, uianike kivulini. Jua letu hufubaza rangi haraka kuliko sabuni.

Pamba ikichakaa, ikate iwe matambara ya jikoni na ya kupigia deki. Poliesta usiichome uani, moshi wake unadhuru mapafu ya nyumba nzima. Ikatekate uijazie mito ya viti, ambako haitafuliwa na haitaoza.