Blackpool: mji uliokuzwa na likizo za wafanyakazi wa pamba

Maelezo mengi kuhusu Blackpool, mji wa mapumziko katika pwani ya kaskazini-magharibi mwa Uingereza, huanzia kwenye mnara wake. Mimi ninayechunguza historia ya utalii huanzia kwenye kalenda ya viwanda. Katika karne ya 19, miji ya Lancashire, eneo ambamo Blackpool ilikuwamo, iliyosokota na kufuma pamba ilikuwa na desturi ya kufunga viwanda vyake vyote kwa pamoja kwa siku kadhaa, baadaye kwa wiki nzima, na kwa kuwa kila mji ulikuwa na zamu yake, wageni wa mji mmoja walikuwa wakifungasha mizigo huku wa mji mwingine wakishuka kwenye treni. Likizo hiyo haikuwa na malipo, hivyo familia ziliweka akiba kidogo kidogo mwaka mzima. Reli ilifika mwaka 1846. Bila reli na akiba hiyo, naamini Blackpool ingebaki kijiji.

Ladha za wageni hao ndizo zilizoupa mji sura yake. Gati la North Pier, lililofunguliwa mwaka 1863, liliwalenga wenye uwezo, lakini Central Pier la mwaka 1868 lilipata umaarufu kwa sababu watu wa kawaida walicheza dansi juu ya bahari. Tramu ya umeme ilianza kazi mwaka 1885. Mnara wenyewe, wenye urefu wa mita 158, ulifunguliwa mwaka 1894 baada ya John Bickerstaffe, aliyekuwa meya, kuvutiwa na ule wa Eiffel jijini Paris. Lakini huu uliwekewa sarakasi katikati ya miguu yake minne, na ukumbi wake wa dansi, kazi ya msanifu majengo Frank Matcham ya mwaka 1899, bado unavuta wachezaji.

Uamuzi ninaouheshimu kuliko yote ni wa taa. Taa nane za umeme zilizowashwa ufukweni mwaka 1879 zilikuja kuzaa maonyesho ya taa ya kila mwaka, ambayo hufanyika majira ya joto yanapokwisha, wakati miji mingine ya pwani ikifunga milango. Viwanda vya pamba vilipokufa, na ndege za bei nafuu zikawachukua watalii kwenda Hispania, mji ulipoteza wageni wengi wa kiangazi, lakini maonyesho hayo yaliendelea. Tangu mwaka 2020 yamerefushwa hadi Januari.