Chupa ya Mafuta ya Bangi Mezani kwa Mfamasia

Mara nyingi mazungumzo yetu huanzia kwenye chupa. Mzazi anaitoa kwenye mkoba, anaiweka mezani na kuuliza kama kweli inatuliza kifafa cha mwanawe. Ni kichupa cha mililita 30, cha kioo cheusi, na lebo yake inasema kwa herufi nene: CBD miligramu 300. Ukiitazama harakaharaka, unaona dawa kali.

Tupige hesabu. CBD, yaani kanabidioli, ni mojawapo ya kemikali za mmea wa bangi, na hailewishi. Dawa yake iliyosafishwa na kupimwa, Epidiolex, iliidhinishwa Marekani Juni 2018 kwa aina mbili za kifafa sugu kinachoanza utotoni: Dravet na Lennox-Gastaut. Dozi ya kuanzia ni miligramu 2.5 kwa kila kilo ya uzito, mara mbili kwa siku. Mtoto wa kilo 20 anapewa miligramu 50 asubuhi na 50 jioni. Kila mililita ya dawa hiyo ina miligramu 100, kwa hiyo ni nusu mililita tu kila mara.

Sasa turudi kwenye kichupa chetu. Zile 300 ni za chupa nzima, si za kila mililita. Kwa dozi ya kuanzia peke yake, chupa itakauka siku ya tatu. Dozi ikipandishwa hadi miligramu 20 kwa kilo kwa siku, ambacho ndicho kikomo kwa vifafa hivyo viwili, mtoto huyohuyo atahitaji 400, na dozi ya jioni itapungukiwa siku ya kwanza. Huenda lebo haikusema uongo wowote. Ila utafiti ambao mzazi aliusikia ulifanywa kwa dozi ambazo chupa ile haiwezi kuzitoa, na hakupata mtu wa kumwonyesha hivyo kabla hajalipa.

Hapo nimechukulia kwamba lebo ni ya kweli. Mwaka 2017 jarida la tiba la JAMA lilichapisha matokeo ya kupima bidhaa 84 za CBD zilizonunuliwa mtandaoni. Ni 26 tu ambazo kilichokuwa ndani kililingana na kilichoandikwa nje. Nyingine zilizidi, nyingine zilipungua, na bidhaa 18 zilikutwa na THC, kemikali ya bangi inayolewesha. Ndiyo maana mtu wa maabara, ambaye mgonjwa hamwoni kabisa, ninamhesabu miongoni mwa wahudumu wa mgonjwa. Cheti chake cha uchambuzi kina maana pale tu namba ya toleo iliyo kwenye cheti inapofanana na ile ya kwenye chupa. Nimeshaonyeshwa vyeti vizuri sana vya chupa nyingine. (Na mafuta ya mbegu za bangi ni mafuta ya kula, yana CBD kidogo mno, ingawa picha ya jani huwekwa kotekote.)

Kuhusu nani anaruhusiwa kuandika dawa hizi, sheria hutofautiana nchi kwa nchi. Uingereza ilifungua mlango Novemba 2018, lakini uamuzi wa kumwanzishia mgonjwa ikauacha mikononi mwa madaktari bingwa. Wapo wanaolalamika kwamba ni urasimu. Mimi naona sababu yake kila ninapofungua orodha ya dawa anazotumia mgonjwa.

CBD huvunjwavunjwa na ini, na ini hilohilo linashughulikia dawa nyingine nyingi. Mtoto wa kifafa anayetumia valproeti, dawa nyingine ya kifafa, akiongezewa CBD anaweza kupandisha vimeng'enya vya ini, dalili kwamba huenda ini linaumia, kwa hiyo damu yake hupimwa kabla ya kuanza na baadaye tena. Akiwa anatumia klobazamu, nayo ya kifafa, kiwango cha kemikali inayotokana nayo hupanda mwilini, naye anasinzia kutwa nzima; mzazi anaweza kudhani ametulia kumbe dozi ya klobazamu inatakiwa kupunguzwa. Mzee anayemeza warfarini ya kuzuia damu kuganda anaweza kuanza kuvuja damu. Yote haya hayaonekani kwa kuitazama chupa. Yanaonekana kwa kumuuliza mtu: "Na nini kingine unakunywa?" kisha kusubiri jibu la pili, kwa sababu la kwanza huwa halijakamilika.

THC ina mambo yake. Tangu 1985 Marekani imekuwa na vidonge vyake vya kutengenezwa maabara, vinavyoitwa dronabinoli, kwa kichefuchefu cha wagonjwa wanaotibiwa saratani. Tatizo la THC ya kumeza ni uchelewaji: inaweza kuchukua saa moja au mbili kabla haijasikika, na mgonjwa asiyeambiwa anaongeza nyingine, kisha zote mbili zinamfikia kwa pamoja. Mwenye historia ya ugonjwa wa akili wa kuona au kusikia visivyokuwepo, na mjamzito, hawa hatuwaanzishii.

Anayeyagundua mengi ya haya nyumbani kwa mgonjwa ni muuguzi. Chakula chenye mafuta mengi huongeza CBD inayoingia kwenye damu hadi mara nne au zaidi, kwa hiyo mtoto anayemeza leo baada ya mlo mzito na kesho akiwa na njaa anapata dozi mbili tofauti kutoka bomba lilelile la kupimia dawa. Daktari akiona degedege zimerudi anaweza kupandisha dozi, kumbe cha kurekebisha kilikuwa saa ya kula.

Waandishi na wahariri nao wamo katika huduma hii, wapende wasipende. Mwaka 1839 daktari William O'Shaughnessy alichapisha huko Calcutta majaribio yake ya bangi. Ninachompendea ni kwamba hakuficha: aliandika juu ya mgonjwa wa kichaa cha mbwa aliyepata nafuu ya mateso lakini akafa, na akaonya juu ya kuchanganyikiwa kwa wanaoitumia mfululizo. Siku hizi ni rahisi kuchagua upande. Mwaka 2017 Akademia za Kitaifa za Marekani zilisema kuna ushahidi wa kutosha kwamba bangi huwasaidia watu wazima wenye maumivu sugu. Mwaka 2021 chama cha kimataifa cha watafiti wa maumivu, IASP, kikakataa kuiunga mkono kwa sababu ubora wa ushahidi ulikuwa hautoshi. Makala inayotaja moja tu kati ya hayo mawili ninaiweka pembeni, hasa ikiwa chini yake kuna kitufe cha kununulia. Mwandishi akilipwa na muuzaji, aseme.

Kama tayari unatumia kitu cha aina hii, usiache ghafla dawa za kifafa ulizoandikiwa ili kuipisha. Degedege zinaweza kurudi kwa nguvu. Njoo na dawa zako zote, na chupa yenyewe hata kama imeisha, ilimradi lebo haijabanduka.